Maji Meupe

Namuar alikutwa amelala chali katikati ya mto Tarach, mto ambao asubuhi hiyo, kama asubuhi nyingi, haukuwa na tone la maji. Waliomkuta ni wanawake watatu wa Kakuma waliokuja kuchimba mchanga wapate ya kunywa. Mmoja alidhani ni mtu aliyepitiwa na usingizi. Alimwita mara mbili. Mara ya tatu hakuita. Alitua mtungi wake akaketi kando yake.

Tumboni mwa marehemu kulikuwa na alama sita za moto, mbichi, nyeusi pembezoni.

Inspekta Jerotich wa upelelezi alifika kutoka Lodwar saa nne, joto la mchanga likiwa limeshaanza kupenya soli za viatu. Alikuwa mzaliwa wa Kapedo, mpakani mwa Baringo na Turkana, ambako mifugo huibwa kwa bunduki. Alizika kaka wawili kabla hajamaliza shule, na tangu hapo akajizoeza kutania kila kinachotanika. Maiti hakuitania. Alichutama, akalitazama lile tumbo lililovimba upande wa kulia, akatoa simu, akapiga picha.

"Kesi imekwisha, Madam," alisema Koplo Ekwam wa kituo cha Kakuma. "Mchomaji yuko seli. Ni Nawoi, yule mama anayetibu kwa chuma cha moto. Nyumba yake ile pale, hatua mia mbili. Mwaka jana alimchoma marehemu huyu huyu, mbele za watu."

"Ekwam, wewe ukiachiwa saa moja unakamata, unahukumu na unanyonga kabla ya chai."

"Chai nimeshakunywa, Madam."

Kando ya koplo alisimama mwanamume wa miaka thelathini na kitu, shati jeupe pana, begi la dawa begani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshikilia ubavu wa kulia.

"Huyu ni Daktari Lomuria," Ekwam alimtambulisha. "Ana kliniki karibu na soko. Nilimwita athibitishe kifo."

"Ni mshtuko," alisema Lomuria kwa upole. "Maumivu ya moto yakizidi, moyo unasimama."

"Ulimjua marehemu?"

"Hapana. Kakuma ni kubwa."

"Na huo ubavu? Unaukumbatia kama umeficha mbuzi wa mtu."

Lomuria alitabasamu kidogo. "Vidonda vya tumbo, Madam. Chakula cha hotelini."

Kituoni, ndugu wa marehemu walikuwa wamekusanyika langoni, kama thelathini hivi, fimbo za kuchungia mikononi. Hawakupiga kelele. Ndiyo maana mkuu wa kituo alikuwa akitoka jasho.

"Kesho kutwa mama huyu anafikishwa kortini Lodwar," alimwambia Jerotich. "Kama atafika. Hawa wakiamua kuingia, mimi nina askari sita, na wawili ni wagonjwa."

Nawoi alikuwa ameketi sakafuni mwa seli, shanga zimempanda hadi kidevuni. Alikuwa mzee, lakini mikono yake ilikuwa mikono ya mtu wa kazi.

"Ejok, mama," Jerotich alisalimia kwa Kiturkana.

"Ejok. Wewe mtu ya Baringo."

"Umejuaje?"

"Unakaa karibu na mlango."

Jerotich alicheka, akasogea. "Umemchoma Namuar?"

"Mwaka jana. Mara tatu. Alipata nafuu, halafu ugonjwa ikarudi."

"Na jana?"

"Jana sikumuona. Nionyeshe hiyo tumbo."

Inspekta alimpa simu yenye picha alizopiga mtoni. Nawoi alizitazama bila kupepesa macho. Mara akairudisha simu haraka, kama mtu aliyeshika kitu chenye uvundo.

"Hizi za zamani hapa pembeni ni zangu. Mistari mifupi, tatu, imelala pamoja kama vidole. Kila mtu anayechoma ana mkono yake. Hizi mpya ni duara, moja juu ya ingine. Huyo mtu hakuwa anatibu. Alikuwa anafunika kitu."

"Anafunika nini?"

"Hiyo ni kazi yako. Lakini tazama vizuri, mama. Ngozi ya mtu mzima, ukichoma, inafura. Inaleta maji. Hii haikufura hata mahali moja." Alivuta shanga zake kooni. "Huyo alichoma maiti."

Jerotich aliikuza picha kwa vidole, akazipitia tena alama zote sita.

Siku ya pili, mochari ya Lodwar, daktari wa maiti alikubaliana na yule mama wa seli neno kwa neno, ingawa hakuwahi kumwona. Moto ulikuja baada ya kifo. Koo lilikuwa limefura hadi hewa haina njia. Na chini ya alama ya nne palikuwa na tundu la sindano nene.

"Limepita ngozi, limepita ini, limetoboa hiki," alisema, akasogeza sinia.

Sinia lilikuwa na mfuko mweupe laini, kama utando wa yai lililochemshwa, mkubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Mmoja tu, umenywea.

"Mnyoo wa mbwa. Unajenga mfuko wa maji kwenye ini, na mtu anaweza kuishi nao miaka ishirini. Hatari ni kuutoboa kienyeji. Maji yakimwagika tumboni ghafla, mwili unaweza kuyapiga vita mpaka ukajinyonga wenyewe. Dakika chache tu."

"Kwa hiyo aliyemchoma sindano alijua pana kitu."

"Alijua pana kitu. Sidhani alijua ni kitu gani."

Nje, kwenye benchi, aliketi mume wa marehemu, Emanikor, mfugaji mwembamba aliyekuja juu ya lori la mbuzi. Mapajani alikuwa ameshika bahasha kubwa ya kaki kwa mikono miwili.

"Pole, baba," alisema Jerotich. "Hiyo ni nini?"

"Picha ya tumbo yake. Daktari alimpa. Alisema watatoa hiyo kitu na sindano, bila kisu. Mimi nilimpeleka yeye mwenyewe juzi, nikarudi kwa ngamia zangu."

"Daktari gani?"

"Lomuria. Wa Kakuma."

Jerotich aliketi. Mtu aliyesema hakumjua marehemu alikuwa amesimama juu ya maiti yake, akimwambia polisi ni moto.

"Baba, nieleze. Alipigwaje hiyo picha?"

"Alisimama. Kifua kwa ubao. Daktari akasema, vuta pumzi, shika. Ikalia tii. Ikaisha."

"Hakupakwa kitu cha utelezi tumboni? Hakulazwa?"

"Hapana. Alisimama tu. Mimi nilikuwa mlangoni."

Jerotich alimpigia simu Ekwam aulizie wagonjwa wa Lomuria, na saa moja baadaye ndipo alipompata Dokta Nekesa, mtaalamu wa picha wa hospitali ile, akila mkate. Aliipokea picha kwa vidole vya mkono safi, akaiinua dirishani. Akaacha kutafuna.

"Mumewe anasema alisimama kwenye ubao?"

"Akashika pumzi. Tii."

"Basi hiyo ni eksirei. Na hii siyo eksirei." Aliibandika kwenye kioo cha dirisha, jua likaipitia. "Inspekta, eksirei ni kivuli. Mfupa ni mgumu, unatoa kivuli kizuri. Hewa haitoi. Lakini ini, damu, usaha, maji, vyote kwake vinakaribiana. Ni ukungu mmoja wa kijivu. Ukiweka mfuko wa maji ndani ya ini, kwa kawaida hutauona."

"Kwa hiyo mnaonaje?"

"Ultrasaundi. Hiyo inapiga sauti na kusikiliza mwangwi. Nyama inarudisha mwangwi, inakuwa kijivu. Maji hayajibu kitu, yanatokea meusi tii. Ndiyo maana kwa ugonjwa huu tunaanza nayo. Sitiskani nayo ni eksirei inayokuzunguka pande zote, inatenganisha vizuri zaidi. Hapo maji ni kijivu kilichofifia." Aligonga kioo. "Sasa tazama hapa. Maji yana rangi gani?"

Kwenye picha, ini lilikuwa la kijivu cheusi. Ndani yake palikuwa na duara jeupe, jeupe la kuumiza macho, na ndani ya duara vijiduara vitano vimebanana kama mayai ya kanga kiotani.

"Meupe," alisema Jerotich.

"Meupe. Hii ni MRI. Sumaku inayauliza maji yenyewe, na kwenye picha ya aina hii maji yanajibu kwa kelele kuliko wote. Hakuna inayotenganisha nyama laini kama hiyo. Lakini unalala ndani ya mtungi unaogonga kama fundi wa mabati, karibu nusu saa. Hapa hatuna. Wagonjwa wetu tunawatuma Eldoret."

"Namuar picha yake alipigwa Kakuma, si Eldoret."

"Basi hili si tumbo la Namuar. Na yule wa mochari aliniambia mfuko wake ulikuwa mmoja, mtupu. Huu una watoto watano." Alipitisha kidole ukingoni mwa picha. Sehemu ya jina ilikuwa imekatwa kwa mkasi, nadhifu. "Mtu amegawa picha ya mtu mwingine."

Simu ya Jerotich ililia. Alikuwa Ekwam.

"Madam, uliniambia niulizie wagonjwa wa Lomuria. Nimepata mama mmoja wa Sudan Kusini, Achol, tumbo kama lake. Hayuko kwake. Jirani anasema ameenda kliniki kutolewa kitu kwa sindano. Na Madam, jirani alinionyesha picha ya Achol."

"Duara jeupe na mayai matano."

"Umeionaje kutoka huko?"

"Kimbia, Ekwam. Usitembee. Vunja mlango nikulipie mimi."

Ni kama kilomita mia moja na ishirini kutoka Lodwar hadi Kakuma, na Jerotich hakukumbuka hata moja. Alipoingia kwenye kliniki ya ukuta wa bluu, mlango ulikuwa chini, bawaba zimeng'oka. Achol alikuwa bado ameketi kwenye kitanda cha chuma, kwa kuwa Ekwam hakuruhusu chochote kiguswe, tumbo lake kubwa limepakwa iodini ya hudhurungi. Alikuwa mzima. Alikuwa pia na hasira.

"Huyu askari yenu ameingia kama ng'ombe," alimwambia Jerotich. "Mimi nimengoja miezi mitatu. Sasa nani atanitoa hii kitu?"

"Tutakupeleka Lodwar, dada. Kwa daktari mwenye cheti."

Lomuria alikuwa amesimama pembeni, Ekwam amemshika kiwiko. Juu ya meza, kwenye kitambaa kisafi, lililala bomba la sindano lenye ncha ndefu kama sindano ya kushonea magunia. Jerotich alifungua droo. Picha. Akahesabu nakala kumi na moja, zote zile zile, duara lile lile, mayai yale yale. Wagonjwa kumi na mmoja wa kesho, tumbo moja. Alifunga droo taratibu.

"Ulisema hukumjua Namuar."

"Nilisahau. Wagonjwa ni wengi."

"Ulimpiga picha kwa mashine gani?"

"Ultrasaundi."

"Iko wapi?"

"Imeharibika. Iko kwa fundi."

"Bahati mbaya. Mimi ni polisi wa mashambani, sijui haya mambo. Nifundishe kidogo. Kwenye ultrasaundi, maji ya tumboni yanakuwa rangi gani?"

"Meupe," alijibu Lomuria bila kusita. "Maji ni meupe. Kila mtu anajua."

Jerotich alimtazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyeingia mwenyewe kwenye gari la mchinjaji.

"Meusi," alisema. "Ni meusi, Lomuria. Wewe hujawahi kuiona ultrasaundi ikipigwa ukiwa karibu. Umeona picha moja tu maishani mwako, na ndiyo hii."

Lomuria alifungua mdomo. Badala ya neno ilitoka pumzi fupi, akakunjika, mikono yote miwili kwenye ubavu wa kulia, goti likagonga sakafu. Ekwam alimdaka. Shati jeupe lilipanda, na Jerotich akaona ngozi.

Chini ya mbavu, upande wa kulia, palikuwa na makovu ya zamani. Mistari mifupi, mitatu, imelala pamoja kama vidole.

Ekwam alilishusha shati, kisha akamtazama Jerotich.

Siku ya tatu asubuhi, hospitalini Lodwar, Dokta Nekesa alimlaza Lomuria, akampaka jeli tumboni, akaweka kifaa juu ya makovu yale. Pingu ziligonga reli ya kitanda. Jerotich alisimama nyuma na ile picha mkononi.

Kiooni palitokea ukungu wa kijivu, kisha ini, kisha, katikati ya ini, duara jeusi kama kisima. Ndani yake, vijiduara vitano vyeusi vimebanana, kila kimoja na ukuta wake.

Nekesa aliisimamisha. Alichukua picha ya MRI akaiweka kando ya kioo. Nyeupe huku, nyeusi huku. Mayai matano huku, matano huku, na lile la kushoto limebonyea kidogo, kote kuwili.

"Ni tumbo lako," alisema Jerotich. "Umewagawia watu tumbo lako."

Lomuria alikuwa amegeuza uso ukutani.

"Ilikuwa picha pekee niliyokuwa nayo," alisema. "Nilipigwa Eldoret, miaka mitatu iliyopita. Waliniambia mfuko uko karibu na mshipa mkubwa. Kupasua ni kazi ngumu, walisema, lakini inawezekana."

"Wewe si daktari."

"Nilikuwa dereva. Niliendesha timu ya madaktari wageni waliokuja kutibu matumbo haya. Siku moja nilichungulia dirishani, nikaona wakitoa maji kwa sindano. Bila kisu. Mtu aliamka akaenda nyumbani. Mimi nikasema, na mimi nitafanyiwa hivyo. Timu ikaondoka."

"Ukaamua kujifanyia."

"Nilitaka kwanza nijue kama inawezekana." Sasa aliongea haraka, kama mtu anayetua mzigo. "Nilinunua mashine kuukuu ya eksirei. Nikipata mtu mwenye tumbo kama langu, nampiga, naona ukungu. Sikuweza kujua ndani kuna nini. Nikawapa picha yangu ili wakubali. Wa kwanza alikuwa Wol. Nilimchoma, ukatoka usaha, akapona. Bado ananisalimia barabarani. Nikajua ninaweza."

"Wol alikuwa na jipu la ini," alisema Nekesa, uso umemparama. "Usaha ni kitu kingine kabisa. Kwenye eksirei yako jipu na mfuko huu ni ukungu ule ule. Ulibahatisha, ukadhani umejifunza. Na wale uliowachungulia walikuwa na ultrasaundi juu ya tumbo, wakiiona ncha ya sindano, na adrenalini mezani ya kumwokoa mtu koo likifura, na dawa ya kuua mnyoo ya kumwaga ndani ya mfuko. Dirishani hukuviona hivyo."

"Sikuviona."

"Wangapi?" aliuliza Jerotich.

"Watano."

"Waliokufa?"

Jerotich alikuwa amekuja na maiti mmoja. Aligundua anaomba, kimoyomoyo, jibu libaki pale pale.

"Wawili. Mou ndiye wa kwanza, mwezi wa pili. Watu wake walidhani ni ugonjwa, wakazika. Wawili wengine hakikutoka kitu, wakaenda zao. Kisha Namuar. Nilipovuta yale maji, alisema, daktari, koo. Alisema mara mbili. Halafu hakusema tena." Alizitazama pingu. "Nilimfunga nyuma yangu kwenye pikipiki kwa shuka, kama mgonjwa. Mtu mmoja alitupungia mkono."

"Na ukamchoma ufiche tundu. Karibu na nyumba ya Nawoi, kwa sababu kila mtu anajua Nawoi huchoma."

"Ndiyo."

"Aliyekuchoma wewe ubavuni ni nani?"

Lomuria alifumba macho. "Ni yeye. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Hakuna dawa nyingine iliyokuwepo."

Nekesa alifuta jeli kwenye kifaa chake, polepole, pande zote, hata pale palipokuwa pakavu. "Eldoret walikwambia urudi lini?" aliuliza.

"Baada ya wiki mbili."

"Mbona hukurudi?"

"Niliogopa kisu," alisema Lomuria. "Ni hivyo tu. Niliogopa."

Saa tisa mchana Nawoi alitolewa seli. Ndugu wa Namuar walikuwa bado langoni. Ekwam alikuwa amewaeleza kila kitu, kwa Kiturkana, akiwa amevua kofia. Walimfungulia yule mama njia bila kumtazama usoni. Emanikor peke yake ndiye aliyemwinamia.

"Mama, nikupeleke nyumbani," alisema Jerotich. "Gari la serikali, bure. Halitokei mara mbili."

Nawoi alipanda mbele. Gari lilivuka mchanga wa Tarach, wanawake walikuwa wakichimba, likafika ng'ambo.

"Huyo mtoto Lomuria," alisema Nawoi, "nilipomchoma, nilimwambia alie, kulia kunasaidia. Alikataa. Alinishika mkono wangu hii, akashika, akashika, mpaka ikafa ganzi." Aliutazama mkono wake. "Hiyo kitu yake ingali tumboni?"

"Ingali. Wanampeleka Eldoret chini ya ulinzi, kupasuliwa. Halafu kortini."

Mzee alitikisa kichwa muda mrefu.

"Basi mwambie alie," alisema.

Mlangoni mwa mama yule Jerotich alizima gari, akashuka, akaushika mkono ule ule kumteremsha.